YATIMA HANA DHAMBI YA KURITHI
Neno letu kwa mimbari, madrasa na waganga wa kombe

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Ambaye hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, ziwashukie pia Aali zake na Maswahaba zake, na kila afuataye uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, suala la UKIMWI si geni misikitini mwetu. Limehutubiwa Ijumaa nyingi na limetolewa mawaidha katika harusi na maziko. Hata hivyo, kwa masikitiko makubwa, tunalazimika kusema kwamba sehemu kubwa ya yaliyosemwa imewaumiza watu ambao Uislamu umetuamrisha kuwalinda, nao ni watoto, mayatima, wajane na wagonjwa. Tunayaandika haya tukijua kwamba baadhi ya ndugu zetu watakasirika. Haki ina haki zaidi ya kufuatwa kuliko ridhaa ya watu.

Tuanze na sisi wenyewe, kwani mwenye kutaka kuwakosoa wenzake hana budi kuanza na nafsi yake.

YALIYOTOKEA KATIKA MADRASA YETU

Siku moja baada ya Sala ya Alasiri walitujia wazazi watano. Walikuwa na ombi moja tu, kwamba tumwondoe madrasa mtoto wa miaka tisa, yatima wa baba na mama, anayelelewa na bibi yake. Walisema wamesikia kwamba ana "ugonjwa ule", na wakahofia kwamba watoto wao wangeambukizwa kwa kukaa naye mkeka mmoja, kunywa naye maji katika bilauri moja na kushika naye juzuu moja. Mtoto huyo alikuwa amehifadhi mpaka Suratul-Mulk, na alikuwa hodari kuliko wote wa rika lake.

Kwa ndimi zetu tuliwakatalia wazazi wale. Lakini kwa vitendo tulishindwa. Wiki iliyofuata ilionekana bilauri iliyofungwa uzi mwekundu, ikawa ndiyo ya mtoto yule peke yake. Tuliiona tukanyamaza. Tulimwona akikaa pembeni ya mkeka, tukanyamaza. Tulijidanganya kwamba hiyo ni hekima ya kuepusha fitina.

Baada ya muda, bibi yake aliyekuwa akimpeleka hospitali kila mwezi alishauriwa na mtu mmoja anayejiita tabibu wa Kisunna aachane na "vidonge vya makafiri". Akapewa kombe, mafuta na unga wa mitishamba, akatozwa fedha alizozipata kwa kuuza maandazi. Haikupita miezi miwili, mtoto alilazwa kwa homa ya mapafu, akiwa amebaki mifupa. Kwa rehema za Allah (S.W.) madaktari walimrejesha kwenye dawa na akapona homa ile. Leo anakua na anasoma shule kama wenzake. Lakini madrasa hakurudi. Tulipokwenda kumwomba radhi, bibi yake alitupokea kwa heshima, akatuambia kwamba mjukuu wake hataki tena kwenda mahali anapohesabiwa kuwa najisi.

Tumepewa ruhusa na bibi huyo kuyaandika haya bila ya kutaja jina wala mahali. Hebu tujiulize, ni hoja gani tutakayoisimamisha mbele ya Allah (S.W.) tutakapoulizwa juu ya yatima tuliyemfukuza katika Kitabu Chake kwa bilauri? Tunaisoma Suratul-Maa'un katika sala zetu, sura ambayo inamtaja mwenye kumsukuma yatima kuwa ndiye anayeikadhibisha dini, kisha tunatoka msikitini na kumsukuma.

KWA NINI KHOFU ILE HAIKUWA NA MSINGI

Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa mkeka, bilauri, sahani, kupeana mikono, kukohoa, kuumwa na mbu wala kutumia choo kimoja. Njia zake zinajulikana, nazo ni kujamiiana, damu yenye virusi (kama kuchangia sindano au kuongezewa damu isiyopimwa), na mama kumwambukiza mtoto wake wakati wa mimba, wakati wa kujifungua au kwa kunyonyesha.

Haya si maneno ya madaktari peke yao. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 9 kilichofanyika Abu Dhabi mwezi wa Aprili 1995, liliijadili mas-ala hii. Wanazuoni wa baraza hilo waliamua kwamba, kwa kuwa maradhi haya hayaambukizwi kwa kuishi pamoja, kugusana wala kula na kunywa pamoja, sharia haiwajibishi kumtenga mwenye virusi na wenzake. Waliamua pia kwamba mwenye kumwambukiza mtu kwa kukusudia ametenda jambo la haramu na dhambi kubwa, naye anastahiki adhabu. Sasa iweje jambo lililokwisha kutolewa uamuzi na wanazuoni tangu mwaka 1995 liwe bado linaamuliwa katika madrasa zetu kwa uzi mwekundu?

Wapo watakaotuletea hadithi ya kumkimbia mwenye ukoma. Tunawajibu kwamba hadithi ni sahihi na tunaikubali, lakini fahamu yao siyo. Wanafunzi wa usuli wote wanajua kwamba hukumu huzunguka pamoja na illa yake, ikiwepo illa na hukumu ipo, ikiondoka illa na hukumu huondoka. Tahadhari ya kukaa mbali ni kwa maradhi yanayoambukizwa kwa ukaribu. Maradhi yasiyoambukizwa kwa ukaribu, kukaa mbali na mgonjwa wake si tahadhari tena, bali ni dhulma.

MTOTO HUATHIRIKA KABLA HATUJAMALIZA KUBISHANA

Tuwaeleze ndugu zetu namna maradhi haya yanavyomfanyia mtoto, kwani wengi wanayajua kwa mtu mzima tu.

Mama mwenye virusi asipopata kinga yoyote, uwezekano wa kumwambukiza mwanawe ni kati ya asilimia 15 na 45. Akitumia dawa ipasavyo na kuhudhuria kliniki, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Maana yake ni kwamba wengi wa watoto wanaozaliwa na maambukizo leo wangeweza kuzaliwa salama, lau mama zao wangepimwa na kutibiwa kwa wakati.

Mtoto mchanga hana nguvu ya kuyahimili maradhi haya. Kinga ya mwili wake ndiyo kwanza inajengwa, na virusi humvamia kabla haijasimama. Mtu mzima anaweza kuishi miaka minane au kumi bila ya dalili, lakini mtoto aliyeambukizwa asipotibiwa anaweza kufikwa na mauti katika miezi yake ya mwanzo. Takriban nusu ya watoto wanaozaliwa na virusi na kuachwa bila ya dawa hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Huandamwa na homa ya mapafu, kuharisha kusikokwisha, utandu mweupe kinywani unaomzuia kunyonya, na kifua kikuu. Uzito hauongezeki. Huchelewa kukaa, kutembea na kusema, kwa sababu virusi hufika mpaka kwenye ubongo. Bibi wa mtaa husema mtoto amepatwa na jicho au amebemendwa, na siku zinapita.

Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto mchanga hapimwi kwa kipimo cha kawaida cha mtu mzima, kwa sababu askari wa mwili aliowarithi kwa mama yake hubaki katika damu yake hadi kufikia miezi 18, na kipimo kinaweza kuonyesha maambukizo ambayo mtoto hana. Kipo kipimo maalumu kinachotafuta virusi vyenyewe, ambacho mtoto hufanyiwa akiwa na umri wa wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo mama anayekaa nyumbani kwa kuogopa macho ya majirani anaipoteza nafasi ambayo haingojei.

Na kuhusu kunyonyesha, Allah (S.W.) ametaja katika Suratul-Baqarah (2:233) miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Mama mwenye virusi anayetumia dawa zake vizuri hushauriwa kumnyonyesha mwanawe maziwa yake matupu kwa miezi sita ya mwanzo, kisha kuendelea pamoja na chakula kingine, huku mtoto naye akipewa dawa ya kinga kama atakavyoelekezwa. Tazameni namna dini na elimu zinavyokutana pale ambapo watu wameacha ubishi!

KWA WANAOSEMA: "HII NI ADHABU YA WAZINIFU"

Hoja ya kwanza ya wapinzani wetu ni kwamba UKIMWI ni adhabu ya Allah (S.W.) kwa wazinifu, basi wenye nao waachwe wavune walichopanda. Wanaitegemea hadithi inayosema kwamba uchafu wa zinaa ukidhihiri katika watu, yataenea kwao maradhi ambayo wazee wao hawakuyajua.

Hadithi hiyo hatuipingi. Sisi ni watu wa mwanzo kusema kwamba zinaa ni haramu, kwamba njia zote zinazoielekea ni haramu, na kwamba lau watu wangeshikamana na mipaka ya Allah (S.W.) mlango mkuu wa maradhi haya ungefungwa. Tunachokipinga ni kuitoa hadithi inayozungumzia hali ya jamii nzima na kuipachika katika paji la uso la mtu mmoja mmoja. Imethibiti kwamba balaa ikiteremka huwapata wote, wema na waovu, kisha kila mmoja hufufuliwa kwa nia yake. Na imethibiti kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba tauni iliyokuwa adhabu kwa baadhi ya watu, Allah (S.W.) ameifanya kuwa rehema kwa waumini. Iweje wachukue nusu ya mafundisho na kuiacha nusu?

Tunawauliza wahubiri hao, yule mtoto wa miaka tisa alizini lini? Mwaka 1998 katika mji wa Benghazi nchini Libya, watoto zaidi ya 400 waliambukizwa virusi ndani ya hospitali moja. Walikuwa watoto wa Kiislamu, waliopelekwa na mama zao kutibiwa. Je, nao walikuwa wazinifu? Na mke aliyeihifadhi tupu yake kama alivyoamrishwa, kisha akaletewa virusi na mumewe kutoka safarini, mnamwita nani? Nabii Ayyub (A.S.) aliugua mpaka watu wakamkimbia, naye alikuwa Mtume. Maradhi si kipimo cha imani ya mtu, wala afya si cheti cha uchamungu.

Zaidi ya hayo, tuchukulie kwamba mtu aliyapata maradhi haya kwa maasi. Je, Mtume (S.A.W.) aliwafanyia nini watu wa namna hiyo? Alikuja kwake mwanamke wa kabila la Ghamid akiwa na mimba ya zinaa, akakiri mwenyewe. Mtume (S.A.W.) hakumsimamishia hadi mpaka alipojifungua, tena mpaka mtoto alipoachishwa ziwa na kuweza kula, kisha mtoto akakabidhiwa kwa Mwislamu wa kumlea. Na Khalid bin Al-Walid (R.A.) alipomtukana mwanamke yule, Mtume (S.A.W.) alimkataza, akaeleza ukubwa wa toba yake, na akamsalia. Haki ya mtoto ilitangulizwa mbele ya adhabu ya mama yake, na heshima ya aliyetubia ikalindwa hata baada ya hadi. Hii ndiyo Sunna. Basi anayemtukana mgonjwa juu ya mimbari amfuata nani?

KWA WANAOWAACHISHA WATU DAWA

Hoja ya pili ni hatari zaidi kwa kuwa inavaa kanzu ya dini. Wamezuka watu wanaodai kwamba Qur'an na mitishamba yao vinaondoa UKIMWI, basi mgonjwa aache dawa za hospitali. Wanasema kutumia dawa hizo ni udhaifu wa imani.

Tunaamini kwamba Qur'an ni shifaa, na kwamba ruqya iliyo sahihi ni Sunna. Tunaamini kuwa habasoda na asali vimesifiwa katika hadithi. Lakini ni wapi Mtume (S.A.W.) alipomwambia mgonjwa aache kujitibu ili asomewe? Aliwaamrisha watu watafute matibabu. Alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha amtegemee Allah (S.W.). Na ilipozuka tauni ya Amwas katika nchi ya Sham, karibu na mwaka wa 18 Hijria, Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliurudisha nyuma msafara wake. Abu Ubayda bin Al-Jarrah (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah, naye akamjibu kwamba anatoka katika qadar ya Allah na kuingia katika qadar ya Allah. Basi kidonge nacho ni qadar ya Allah, na anayekimeza hakutoka katika tawakkul.

Tuangalie mifano miwili ya zama zetu. Mwezi wa Januari 2007, Yahya Jammeh, aliyekuwa Rais wa Gambia, alitangaza kwamba ana uwezo wa kuponya UKIMWI kwa mitishamba na kisomo. Wagonjwa walionyeshwa katika televisheni, wakiwa wameachishwa dawa zao za hospitali. Wengi nchini mwake waliogopa kumpinga. Baada ya utawala wake kuanguka mwaka 2017, walionusurika walijitokeza, na mwaka 2018 baadhi yao walimfungulia mashtaka mahakamani. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli ya nchi hiyo ilisikiliza ushahidi wa mateso yao na wa wenzao waliokufa. Msahafu ulitumiwa kuwa pambo la uongo, na walioangamia walikuwa Waislamu.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni ya magari katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwenda kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Walikwenda wakubwa na wadogo. Wapo wenye virusi waliodhani wamepona, wakaziacha dawa. Misikitini tulikishutumu kikombe kile kwa sauti kubwa kwa sababu aliyekitoa alikuwa mchungaji. Je, tumelishutumu kombe la waganga wetu kwa sauti hiyo hiyo? Au uongo ukiandikwa kwa zafarani hugeuka kuwa kweli?

Ukweli wa kitabibu ni huu. Mpaka leo hakuna dawa inayoviondoa virusi kabisa mwilini kwa matibabu ya kawaida. Lakini dawa za kuvifubaza zipo, na tangu mwaka 2004 zinatolewa bure katika hospitali za serikali hapa Tanzania. Zamani mgonjwa alisubiri mpaka kinga yake ishuke ndipo aanzishiwe dawa. Tangu mwaka 2016 utaratibu ni kwamba anayekutwa na virusi huanza dawa bila ya kusubiri. Wengi wa watu wazima sasa humeza kidonge kimoja tu kwa siku. Aliyezitumia vizuri mpaka virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Utafiti uliofanyika katika nchi nyingi umelithibitisha hilo.

Na asiyetumia dawa, virusi huwala askari wake mmoja baada ya mwingine. Chembe za kinga za mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 500 na 1,500 katika tone dogo la damu. Zikishuka chini ya 200, milango ya mwili iko wazi. Huingia kifua kikuu, ambacho ndicho kinachoua wengi zaidi katika wenye virusi. Huingia homa ya uti wa mgongo, mkanda wa jeshi, saratani ya ngozi na kuharisha kwa kudumu. Mwanamke mwenye virusi ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani ya shingo ya kizazi. Na mgonjwa anayezikatiza dawa huvipa virusi nafasi ya kuzizoea, hata atakapozirudia zisimfae. Tabibu wa kombe haonekani siku hiyo. Mzigo humwangukia bibi muuza maandazi.

Tunasema wazi kwamba mwenye kumwachisha mgonjwa dawa hizi, akafa kwa sababu hiyo, amebeba dhamana ya damu yake. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba anayejifanya tabibu na hali hajulikani kwa utabibu, basi ni mdhamini wa madhara anayoyaleta. Hukumu hii ipo katika vitabu vya hadithi na fiqhi. Kwa nini haisomwi?

Na katika mwezi wa Ramadhani, wapo wanaoacha vidonge kwa sababu ya Saumu. Anayemeza mara moja kwa siku anaweza kuzungumza na daktari wake akapangiwa wakati wa futari au daku. Aliye mgonjwa kweli, Allah (S.W.) amempa ruhusa ya kula, na kuikubali ruhusa ya Mola wako ni ibada pia.

KWA WANAOSEMA: "HALITUHUSU"

Hoja ya tatu ni ya wanaosema kwamba jambo hili si letu, kwa kuwa sisi tunatahiriwa, hatunywi pombe, na tunaoa. Tunawajibu kwa hesabu. Tohara imethibitika, katika tafiti zilizofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda na kukamilika kati ya 2005 na 2007, kwamba inampunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Ni neema ya maumbile tuliyorithi kwa Nabii Ibrahim (A.S.), lakini asilimia 60 si 100, wala haimkingi mke. Asiyezini anakingwa na uchamungu wake. Anayezini hakingwi na tohara yake.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kwamba watu takriban milioni 1.5 wenye miaka 15 na zaidi hapa Tanzania wanaishi na virusi, sawa na asilimia 4.4. Wanawake ni asilimia 5.6 na wanaume 3.0. Kweli, Zanzibar kiwango cha jumla ni chini ya asilimia 1. Lakini katika vijana wanaojidunga unga kiwango hicho kimekuwa juu mara nyingi zaidi, na vijana hao ni watoto wa nani? Ni watoto wa mitaa yenye misikiti, Unguja, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, waliosoma juzuu kwetu kisha tukawaita mateja na kuwafungia milango.

TUNACHOKITAKA

Hatukuandika ili kulaumu tu. Wapo waliotutangulia katika kheri. Nchini Uganda, Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu iliyoanzishwa mwaka 1988 iliwafundisha maimamu na wasaidizi wao, wanaume na wanawake, wakaenda nyumba kwa nyumba kuelimisha familia kwa lugha ya dini. Huko Cape Town, Waislamu walianzisha mwaka 2000 jumuiya ya kuwahudumia ndugu zao wenye virusi. Basi nasi tunataka haya:

1. Imamu asiwatukane wagonjwa juu ya mimbari. Akemee zinaa, naam, na akemee vile vile dhulma ya kuwatenga wagonjwa.

2. Wanaotaka kuoana wahimizwe kupima kwa hiari kabla ya nikaha, wote wawili, na siri zao zihifadhiwe. Hatuutaki upimaji wa kulazimisha wala wa kutangaza majibu barazani. Mume anayejijua ana virusi akamficha mke amemdhulumu, na hilo ni kosa hata katika sheria ya nchi ya mwaka 2008. Na wanandoa ambao mmoja wao ana virusi waende kwa madaktari wapate kinga. Tunazipinga kampeni zinazowapa vijana kondomu kana kwamba zinaa ni halali, lakini kinga ndani ya ndoa ya halali ni mas-ala mengine, na wanazuoni waliojuzu azl hawakuacha nafasi ya ubishi hapo.

3. Kila mama mjamzito apelekwe kliniki mapema, na mumewe afuatane naye.

4. Hakuna madrasa itakayomtoa mtoto kwa sababu ya virusi. Mwalimu anayejua siri ya mtoto aihifadhi kama amana.

5. Kamati za misikiti ziwakatalie waganga wanaoachisha watu dawa kutangaza biashara yao katika nyua za misikiti.

6. Zaka na wakfu ziwafikie mayatima hawa. Kwa zaidi ya miaka 20, sehemu kubwa ya dawa wanazomeza ililipiwa na Marekani kwa mpango ulioanzishwa mwaka 2003. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilipositisha misaada yake ya nje, huduma katika nchi nyingi za Afrika zilitetereka, na wagonjwa wakapatwa na khofu. Tunawalaani usiku na kuwategemea asubuhi! Umma wenye nguzo ya Zaka haukustahiki kufikishwa hapo. Nauli ya bibi ya kumpeleka mjukuu kliniki, na uji wa kumezea dawa, havihitaji fedha ya kigeni.

Ndugu zetu Waislamu, bilauri ile tumeuondoa uzi wake, na watoto wote sasa wanakunywa kwa bilauri zile zile. Tumewaita wale wazazi watano, tumekaa nao pamoja na tabibu Mwislamu, na watatu kati yao wameridhika. Wawili wamewahamisha watoto wao, nasi hatukuwazuia. Kwa mtoto yule tumemwomba mwalimu mmoja awe anakwenda kumsomesha nyumbani, mara mbili kwa wiki. Ameanza Suratut-Tahrim. Hatudai kwamba hilo linatosha. Deni la yatima halilipwi kwa wiki moja.

Tunamwomba Allah (S.W.) atusamehe kwa tulivyonyamaza, awaponye wagonjwa wetu, awalinde watoto wetu, awahidi walioghafilika, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikiliza kauli wakafuata iliyo njema zaidi. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.